Jibu: Pringle imebanwa, ini bado linavuja

Salama daktari. Nimekuelewa hivi: mgonjwa wa ajali, ini limepasuka bila jeraha la nje, presha haikushika hata baada ya kuongezewa damu, mkafungua tumbo, mkabana kwa mbinu ya Pringle (kubana shina la mishipa inayoingiza damu kwenye ini) na damu ikaendelea kujaa.

Kwanza hakikisha bano limeshika kweli. Kama limeshika, ateri ya ini na vena ya porta zimezibwa, kwa hiyo damu nyeusi inayotoka nyuma nashuku ni ya vena za ini (zinazotoa damu kwenye ini) au vena kava (mshipa mkubwa nyuma ya ini unaorudisha damu moyoni). (Wengine wana ateri ya ini inayochipuka kwingine, Pringle haiigusi, hiyo hutoa damu nyekundu.)

Hapo usianze kukata ligamenti (nyuzi zinazoshikilia ini) ukitafuta tundu! Unganisha ini kwa mikono, likandamize, mpe mtu wa usingizi nafasi ya kuongeza damu na joto, kisha panga vitambaa kulizunguka, si ndani ya ufa. Presha ikianguka ghafla ukipanga, huenda umebana vena kava, punguza.

Damu ikitulia, maliza upasuaji. Tumbo libaki wazi, vitambaa vitolewe baada ya saa 24 hadi 72. Mimi hupendelea kukaribia 48, maana kuharakisha mara nyingi huamsha damu upya.