Bustani ya beseni imeoza? Anzeni na matundu

Dada, umeuliza kwa nini bustani ndogo ya wanao hapo Moshi, ile ya kuchezea waliyoipanda ndani ya beseni na kuipamba kwa vijumba vya vijiti, imeoza ndani ya wiki mbili. Beseni halina matundu, basi maji yametuama chini na mizizi imekosa hewa. Chomoa mche mmoja uangalie: mzizi uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ganda lake linabanduka ukiuvuta.

Toboa matundu sita kwa msumari wa moto. Hiyo kazi ifanye mwenyewe. Tandaza kokoto sentimita tatu, kisha udongo: makopo mawili ya udongo mweusi, moja la mchanga wa mtoni uliooshwa, nusu la mboji. Pandeni mimea ya majani manene tu. Ile ya kupenda unyevu ipewe chombo chake, maana kiu zao hazilingani. Mnyaa usiuweke kabisa, utomvu wake unaunguza macho.

Nyumba na ngazi za vijiti waachie watoto, hata zikienda upande. Wamwagilie kwa kijiko, udongo ukikauka hadi kina cha kidole. Masika ingizeni beseni barazani.