Mkunga Anajibu: Picha za Mtoto Mchanga

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, na leo ana siku nane. Ninaishi Pasua, Moshi. Mume wangu ameshalipia picha katika studio moja ya mjini, na mpiga picha ametutumia mifano ya kazi zake kwenye simu. Mtoto mmoja ameegemeza kidevu juu ya viganja vyake viwili kama mtu mzima anayewaza, na mwingine amening'inia ndani ya kitambaa kilichofungwa kwenye tawi la mti. Mama mkwe, ambaye amekuja kunilea uzazi, anasema mtoto hatoki nje kabla ya arobaini, na kwamba kumkunja namna ile ni kumvunja. Mume anasema baada ya wiki mbili mtoto hatakunjika tena na picha zitakuwa zimetupita. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kujifungua salama.

Nianze na ile picha ya kidevu juu ya viganja, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Hakuna mtoto wa siku nane anayeweza kuubeba uzito wa kichwa chake. Mpiga picha anayeijua kazi yake hupiga picha mbili: katika ya kwanza msaidizi anakishika kichwa kutoka juu huku mikono ya mtoto ikipangwa chini ya kidevu, na katika ya pili anaishika mikono hiyo kwenye vifundo huku kichwa kikiwa kimeegemea. Baadaye picha hizo huunganishwa kwenye kompyuta na mikono ya msaidizi hufutwa. Kile kitambaa kwenye tawi nacho ni hivyo hivyo: mtoto alikuwa amelala juu ya godoro laini, na tawi likaongezwa baadaye. Kwa hiyo kabla ya kwenda popote, muulizeni mpiga picha swali moja tu: katika kila pozi, mkono wa nani utakuwa wapi? Akijibu kwamba mtoto "atakaa mwenyewe", au kwamba atamning'iniza kweli, msimkabidhi mtoto wenu, hata kama fedha imeshalipwa.

Sababu iko shingoni. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, shingo yake haina nguvu na njia yake ya hewa ni nyembamba. Kidevu kikiangukia kifuani, njia ile hubanwa, naye hawezi kukiinua. Wazazi wengi husema, "Akiumia si atalia?" Mwanangu, mtoto anayekosa hewa halii, kwa sababu kilio chenyewe kinahitaji hewa. Ananyamaza, na watu waliomzunguka wanafurahi kwamba amelala.

Jambo la pili ni baridi, kwa kuwa picha nyingi za namna hii hupigwa mtoto akiwa uchi. Joto la mwili wake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, naye hulipoteza upesi mno kuliko sisi. Moshi tunajisifu kwa joto, lakini asubuhi ya Juni au Julai, wingu likiwa limeufunika mlima, chumba cha sakafu ya saruji si mahali pa kumvua nguo mtoto wa siku nane. Chumba kiwe na joto la kumfanya mtu mzima aliyevaa shati atokwe na jasho kidogo, na hita ya umeme iwekwe mbali na mtoto bila kumpulizia moja kwa moja. Jiko la mkaa, hata siku moja. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza ndugu yangu kwenye picha za mwanawe, katika nyumba moja huko Arusha, mwezi wa Julai. Pazia zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi ili upepo usipenye, na jiko la mkaa lilikuwa limewaka vizuri pembeni, bila moshi wowote. Mpiga picha alikuwa akijipangusa jasho na kulalamika kwamba kichwa kinamgonga, na mama wa mtoto alikuwa akisinzia kwenye kiti. Nilidhani ni joto tu, mpaka na mimi nilipoanza kuhisi kichefuchefu. Nilifungua mlango, nikambeba mtoto nje na kuwaita wote wanifuate. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtoto mdogo ni miongoni mwa wanaodhurika mapema.

Sasa kuhusu arobaini. Mumeo anasema kweli kwamba wapiga picha hupenda mtoto wa siku tano hadi kumi na nne, kwa kuwa hulala sana na hukunjika kama alivyokuwa tumboni. Lakini mtoto wa mwezi mmoja aliye macho, mapajani pa mama yake, hutoa picha nzuri ambayo mimi binafsi ninaipenda zaidi. Mama mkwe naye ana haki yake. Mtoto akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, lakini chanjo inayomkinga na kifaduro huanza wiki ya sita, yaani arobaini ikiwa imetoka tu kwisha. Wazee walipozuia wageni, walimkinga mtoto katika siku ambazo kinga yake bado ni ndogo.

Ushauri wangu ni kwamba mpiga picha aje nyumbani, peke yake, akiwa hana mafua, kikohozi wala kidonda mdomoni, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Mnyonyeshe kwanza, umcheulishe, na picha zipigwe akiwa amelala chali au mikononi mwenu. Mwombe mama mkwe awe ndiye mkono ule unaokaa juu ya mtoto wakati wote. Nina hakika hatakubali kuutoa.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpiga picha, Sakina, Arusha. Ninapomkunja mtoto, wakati mwingine mguu mmoja hugeuka rangi ya zambarau. Pia kuna mzazi aliyetaka kumpa mtoto dawa ya mafua ili alale. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na ninakushukuru kwa kuuliza.

Mikono na miguu kuwa na ubluu kidogo ni kawaida katika siku za mwanzo. Mguu mmoja ukibadilika rangi ukiwa umeukunja, damu imebanwa: ufungue, umlaze vizuri, na usiendelee mpaka rangi irudi. Ubluu ukiwa kwenye midomo au ulimi, acha kila kitu, mtoto apelekwe hospitali wakati huo huo. Ukiona macho au ngozi yake ni ya manjano, usiifiche kwa kuhariri picha kabla ya kumwambia mama ampeleke akaonwe.

Dawa ya mafua ikatae kabisa, hata mzazi akikasirika. Dawa inayomlaza mtoto mchanga inaweza pia kuipunguza pumzi yake. Mtoto akikataa kulala, amekataa, na siku nyingine ipo.

Kikapu kiwekwe sakafuni, chini yake kukiwa na mfuko wa mchanga kisipinduke. Vyungu na vyombo vya kioo usivitumie. Unapopiga picha kutoka juu, kamba ya kamera iwe shingoni mwako, maana nimeona kamera ikiteleza kutoka mikononi, na siku ile kwa bahati ilianguka juu ya mto mtupu.

SWALI: Wajukuu wangu pacha walizaliwa wakiwa na wiki 33, na wametoka hospitali juzi. Je, wanaweza kupigwa picha? Na mwanga wa flashi hautawaharibu macho?

JIBU: Hongera kwa kupata wajukuu, ndugu yangu. Mwanga wa kawaida wa flashi haujulikani kuharibu macho ya mtoto, ingawa mwanga wa dirishani ni mpole zaidi, na stendi ya taa haina budi kufungwa uzito isije ikawaangukia. Kwa hali yao, pozi la kukunjwa lisiwepo kabisa, kwa sababu watoto waliozaliwa kabla ya wakati hupoteza joto upesi zaidi na pumzi zao huweza kukatika kwa muda. Muulizeni daktari aliyewaruhusu kutoka. Kwa sasa, wapigeni picha kwa simu wakiwa kifuani pa mama yao, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa kanga mgongoni na kofia kichwani, nyuso zao zikiwa zimegeuzwa upande na pua zikiwa wazi.