Kabla hujamwandika mbwa kuwa ana papara

Ukianza kazi ya kupima hulka za mbwa hapa Dodoma, neno la kwanza litakalokupoteza ni "mkali". Utafika nyumba ya Nkuhungu au Ipagala na dodoso mkononi, na mwenye mbwa atakwambia kwa fahari, "Huyu mkali, usisogee." Kwake hiyo ni sifa, maana mbwa kafugwa alinde. Lakini ukali na papara ni vitu viwili. Mwenye papara ni yule asiyeweza kungoja, na huenda hajamuuma mtu hata siku moja. Basi usiulize mbwa yukoje, uliza anafanya nini. Ukishika sufuria yake, anangoja uitue au anakurukia?

Dodoso tunalotumia kupima papara ya mbwa, DIAS, lilitungwa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, likachapishwa mwaka 2011. Lina sentensi 18, na mwenye mbwa huzikubali au kuzikataa kwa ngazi tano. Baadhi ya sentensi zina ukanusho, na hapo ndipo nilipoharibu karatasi zangu za mwanzo. Nilimsomea mama mmoja sentensi inayosema mbwa hana subira. Akajibu, "Hapana." Nikaweka alama kwenye "nakataa", yaani subira anayo. Ananisindikiza getini, akamalizia: "Hapana, hana kabisa, juzi kamwangusha mtoto na sahani." Kiswahili chetu ndivyo kilivyo, "hapana" ya kukubaliana na wewe ipo. Siku hizi sigusi kalamu mpaka nisikie "hana" au "anayo".

Angalia pia nani anajibu. Mara nyingi baba ndiye anayekaribisha wageni, ila anayempelekea mbwa chakula ni dada wa kazi, na yeye ndiye anayemjua. Tena mbwa wengi hapa hushinda bandani mchana na kufunguliwa usiku. Ukiuliza anavyokuwa mahali pageni, jibu la kweli ni "sijui". Liandike hivyohivyo, usimbembeleze mtu akupe namba. Sentensi isiyojibiwa si sifuri: jumla ya alama unaigawa kwa jumla ya alama za juu kabisa za zile zilizojibiwa tu.

Usalama hauna mjadala. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata mwenyewe akiapa kwamba mbwa kachanjwa.

Sasa jaribio la chakula, ambalo nalipenda kuliko yote. Watafiti wa Lincoln walililinganisha na dodoso lao, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Mbwa anafundishwa kuchagua: huku kipande kimoja sasa hivi, kule vipande vitatu baada ya kungoja, na muda wa kungoja unaongezwa kidogo kidogo. Mbwa ambao wafugaji wao waliwaita wenye papara ndio walioshindwa kungoja mapema. Baadaye mbwa walipopimwa tena zaidi ya miaka sita kupita, alama zao hazikuwa zimebadilika sana. Ndiyo maana nasisitiza umakini: ukimkosea mbwa, unamkosea kwa kitu anachokaa nacho miaka.

Sisi tulijaribu kwa sahani mbili. Kulikuwa na mbwa mmoja Ipagala, jina lake Simba, nilimfikia saa nne asubuhi. Kila mara alikimbilia kipande kimoja, nikaandika "papara". Kijana wa pale akaniambia taratibu, "Kaka, huyu anakula mara moja tu, usiku. Ana njaa." Nikarudi jioni nyingine, akiwa ameshalishwa ugali na dagaa. Simba aliketi mbele ya sahani ya vipande vitatu, mate yanadondoka, mkia unafagia vumbi, macho hayabanduki mkononi mwangu. Akangoja. Nikakata lile neno la mwanzo, na juu ya karatasi nikaongeza mstari ambao fomu yetu haikuwa nao: saa aliyokula mara ya mwisho.