Kurekebisha Nyaya za Gari Zilizoharibiwa na Ufungaji wa Redio

Magari mengi yanayoingia Tanzania na Kenya yakiwa yameshatumika Japani huja na redio isiyotufaa. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari hayo huishia 90, ilhali vituo vyetu hurusha matangazo hadi 108. Skrini nazo huandika Kijapani. Ndiyo sababu redio huwa kitu cha kwanza ambacho mwenye gari hubadilisha, na mara nyingi hubadilisha mwenyewe, kwa bisibisi, kisu na tepu nyeusi. Muziki ukishalia, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Hitilafu hujitokeza baadaye, tena mahali ambapo hakuna anayepahusisha na redio: taa za nyuma haziwaki, saa ya dashibodi haishiki majira, au betri mpya imelala baada ya gari kuegeshwa siku mbili.

Toyota IST niliyoinunua kwa mtu Dar es Salaam ilikuwa na hitilafu zote hizo, pamoja na amplifaya, yaani kikuza sauti, ndani ya buti. Soketi za kiwandani nyuma ya redio zilikuwa zimekatwa, na nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ambayo gundi yake ilikuwa imelainika kwa joto, kiasi kwamba ukiivuta inateleza na kuacha shaba wazi. Fyuzi ya taa za nyuma, ambayo kifuniko cha boksi la fyuzi kilitaka iwe ya ampea 10, ilikuwa ya 30. Yaelekea fyuzi sahihi ilikuwa ikikatika mara kwa mara, na aliyeifunga akaona dawa ni kuweka isiyokatika. Fyuzi huwekwa ili kuulinda waya. Ukiweka kubwa kuliko uwezo wa waya, waya wenyewe ndio unaogeuka kuwa fyuzi, nao huungulia ndani ya fungu pamoja na wenzake.

Kwa hiyo siwashauri watu waanze kwa kuwinda waya mmoja mbovu. Ondoa kwanza kila kilichoongezwa: redio, amplifaya, waya wake wa umeme na kila kiungo cha tepu, hadi gari libaki na nyaya zake za kiwandani tu, ncha zote zikiwa zimefunikwa. Kisha weka fyuzi za kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, uone ni nini kinachorudi. Katika gari langu taa za nyuma, taa ya namba na mwanga wa dashibodi vilirudi papo hapo. Waya wa kijani unaoiambia redio kwamba taa za gari zimewashwa ulikuwa umeachwa ukining'inia, na kila ulipogusa bati ulipiga shoti. Waya huo hulishwa na fyuzi ya TAIL, ile ile ya taa za nyuma, na fundi ambaye angetafuta tatizo kwenye buti angetafuta mpaka jioni. Fyuzi ya DOME ina habari kama hiyo: katika Toyota nyingi za umri wa IST hiyo hulisha taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio kwa pamoja, hivyo taa ya ndani ikifa baada ya redio kufungwa, tazama fyuzi kabla ya kununua balbu.

Kabla ya kuingiza mkono nyuma ya dashibodi, ondoa terminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90, muda ambao Toyota huutaja kwa ajili ya mfumo wa mifuko ya hewa (airbag). Nyaya zenye mfuniko wa manjano ni za mifuko hiyo. Usizipime, usizikate, na usiziguse kamwe kwa testa ya balbu.

Soketi ikiwa imekatwa, tafuta nyingine kwenye gari lililokatwa spea, ikiwa na nyaya ndefu kiasi. Wauzaji wa spea wa Kariakoo au Kirinyaga Road, Nairobi, huwa nazo. Toyota nyingi za umri wa IST yangu hutumia soketi ya pini 10 kwa umeme na spika za mbele, na ya pini 6 kwa spika za nyuma. Kwa kawaida bluu yenye mstari wa manjano ni umeme wa kudumu, kijivu ni wa ACC (umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa tu), kahawia ni athi, yaani waya unaokwenda kwenye bodi ya gari. Hata hivyo rangi ni fununu tu, na multimita, kipimo cha umeme, ndiyo shahidi: waya wa kudumu huonyesha volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni, ilhali wa ACC huonyesha hivyo ufunguo ukizungushwa hatua ya kwanza. Nyaya za spika hutambuliwa kwa betri ndogo ya volti 1.5. Gusisha kwa kitambo kidogo; koni ya spika (ile karatasi inayotikisika) ikisukumwa nje, waya ulio upande wa chanya wa betri ndio chanya wa spika. Hakikisha pia kwamba hakuna waya wa spika unaogusa bodi ya gari, kwa sababu redio za sasa hazitumii bodi kama njia ya kurudisha umeme wa spika, na ule wa hasi ukifungwa kwenye bati unaweza kuiua redio.

Kiungo ndicho kinachoamua kazi itadumu au la. Kata waya ulioungua hadi ukute shaba inayong'aa, kwa maana shaba nyeusi haishiki risasi ya kulehemu. Weka kipande cha unene ule ule. Kirija cha plastiki kinachosinyaa kwa joto hupitishwa kwanza, kulehemu hufuata, na viungo vya nyaya zinazokwenda pamoja hupishanishwa ili kisikae kimoja mkabala na kingine. Waya uliolehemiwa huwa mgumu kando ya kiungo na huweza kukatikia hapo kwa mtikisiko, kwa hiyo ufunge kwenye fungu usicheze. Kubana kwa koleo maalumu ni kuzuri pia, mradi koleo liwe ndilo. Kubana kwa meno au kwa plaisi hakuhesabiki. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuukata mimi nimeviondoa vyote, kwa kuwa hukata baadhi ya nyuzi za shaba na kuacha zilizobaki zibebe mzigo wote.

Baada ya hapo pima umeme unaovuja. Unganisha multimita, kwenye tundu lake la ampea 10, kati ya terminali hasi na waya wake, funga milango, subiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale, kisha soma. Usiwashe swichi ya gari wakati huo, la sivyo utaunguza fyuzi ya multimita. Zaidi ya ampea 0.05 ni ya kutilia shaka. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Gari langu kabla ya matengenezo lilivuta ampea 0.8, ambazo kwa siku moja hufikia karibu ampea-saa 19, yaani karibu nusu ya betri ndogo ya gari kama hilo. Chanzo kilikuwa ule waya mwembamba wa kuiamsha amplifaya: ulifungwa kwenye umeme wa kudumu badala ya waya wa bluu na nyeupe wa redio, na amplifaya haikuwa ikizimika kabisa.

Ukitaka kuirudisha amplifaya, waya wake mkuu uwe na fyuzi karibu na betri, isiwe mbali zaidi ya nusu mita, na unapovuka ukuta wa bati wa injini upite ndani ya mpira, kwa sababu ukingo wa bati hula plastiki kidogo kidogo. Ukwangue waya huo kwa kisu kabla ya kulipa: madukani kuna nyaya nyingi za alumini zilizopakwa shaba, nene kwa macho, dhaifu kwa umeme, na zikikwanguliwa huwa nyeupe. Athi ifungwe kwa bolti kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Muziki ukiwa juu, pima kati ya athi ya amplifaya na terminali hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, ifungue uifunge upya.

Ukikuta nyaya za kompyuta ya injini au za vitufe vya usukani zimekatwa, mwite fundi umeme wa magari mwenye michoro ya gari hilo. Mueleze fyuzi zipi zilikuwa zimekuzwa na waya upi umekwenda wapi, na mchoro wako wa mkono uweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na risiti.