Mjusi wa Tendaguru: mabaki, masalia au kisukuku?

SWALI: Nafundisha darasa la tano hapa Lindi. Nikieleza habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria (mnyama mkubwa wa kale) aliyechimbwa huku kwetu, huwa nasema "mabaki". Kitabu kimoja kinasema "masalia", kingine "visukuku". Juzi mwanafunzi kaandika "Mjusi huyo imepelekwa Ujerumani". Nikamsahihisha, naye akaniuliza: "Kwani mwalimu, walichukua mjusi au walichukua mawe?" Nikakosa la kumjibu. Naomba msaada. – Mwalimu, Lindi

JIBU: Mwalimu, huyo mtoto usimnyime alama. Swali lake limegusa palepale penye tatizo.

Mabaki ni neno pana. Kuna mabaki ya ubwabwa sufuriani, mabaki ya nyumba iliyoungua, mabaki ya marehemu. Sharti lake ni moja tu: kitu kilikuwapo, kikapungua, na kilichosalia ni sehemu yake hasa. Masalia, kutokana na kusalia, ni ndugu yake, ila lina harufu ya kitabuni zaidi. Baina ya hayo mawili sioni ugomvi, tumia ulipendalo.

Kisukuku si pacha wao. Ni sehemu au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa mwambani. Mfupa hufukiwa na mchanga au tope, maji yenye madini yakapenya katika vitundu vyake, madini yakabaki humo. Baada ya muda mrefu mno, umbo ni la mfupa, uzito ni wa jiwe. Kwa hiyo mwanafunzi wako aliyesema "mawe" hakukosea sana.

Tofauti hiyo utaiona wazi Laetoli, kusini ya Olduvai. Mwaka 1978 kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey kilifukua pale nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita. Kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele kama cha kwetu. Sasa niambie, pale kimebaki nini cha yule aliyepita? Si mfupa, si ukucha. Ni kishimo tu chenye umbo la mguu. Ukiandika "mabaki ya zamadamu", yaani ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, umedanganya kidogo. Ukiandika "visukuku vya nyayo" umepatia. (Na kimoja ni unyayo. "Nyayo moja" naisikia hata redioni, na kila mara hunikera.)

Kinyume chake nenda Panga ya Saidi, pango lililoko Kilifi, Kenya. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Wakampa jina la Mtoto, kwa Kiswahili hivyohivyo. Hapo mimi nitaandika mabaki bila kusita. Yule alilazwa na watu wake, na Mswahili hamwiti marehemu kisukuku, hata mwanasayansi akiwa na sababu zake.

Turudi kwa mjusi wako. Neno hilo lina mizizi, wala msilionee haya. Mwanasayansi Mwingereza Richard Owen alipolibuni jina la dinosaria mwaka 1842 alichukua maneno mawili ya Kigiriki, la kutisha na la mjusi. Basi watu waliosema "mjusi wa Tendaguru" walikuwa wametafsiri nusu ya jina, ile nusu ya kutisha wakaiacha. Shida yake ni darasani. Mtoto akisikia mjusi anamwona mjusi kafiri ukutani, ilhali yule anayesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin ana kimo cha mita 13.27. Tena dinosaria hawakuwa mijusi. Mamba na ndege wako karibu nao zaidi. Ningesema "dinosaria wa Tendaguru", na "mjusi" nikamwachia bibi akisimulia. Utakuta pia dinosari na dinosauri. Chagua moja, usichanganye katika ukurasa mmoja.

Kuhusu upatanisho, ulikuwa sahihi kumrekebisha. Mjusi ni mnyama, na mnyama huchukua a- na wa- hata akifa. Sokoni samaki amekufa tangu alfajiri lakini bado tunauliza, "Samaki huyu bei gani?" Kifo hakimwondoi mtu wala mnyama katika ngeli yake, na miaka milioni 150 haiongezi kitu. Ila sikio la mtoto lilikuwa limesikia mifupa, ndipo ikaja i-. Mpe sentensi mbili aone: "Dinosaria huyo aliishi Tendaguru" na "Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin." Katika ya kwanza tunamtaja mnyama, katika ya pili kilichookotwa. Ukitaja visukuku, ni vilichimbwa, vikapelekwa. Na wakiandika kwamba dinosaria waliishi Zama za Mawe, futa palepale. Zama za Mawe ni habari ya binadamu na zana zake, na dinosaria walikuwa wameshatoweka mamilioni ya miaka kabla yake.

Ukitaka kuwafundisha ngeli na visukuku kwa pamoja, yako majina ya kisayansi yaliyotungwa kwa Kiswahili. Dinosaria mmoja wa mkoani Songwe aliitwa mwaka 2017 Shingopana. Shingo pana, upatanisho umekaa sawa. Mwingine wa hukohuko aliitwa mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia. Yakate maneno ubaoni: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Mtuka ni mto alikopatikana, na moyo ni umbo la pingili moja ya mkia wake. Viunganishi vyote viwili vya -a vimepatana na nomino zake, ningempa mtunzi alama zote. Asilisaurus kongwe wa 2010, ndugu wa karibu wa dinosaria aliyepatikana kusini mwa Tanzania, naye anapita: asili kongwe. Hapo Lindi kwenu kuna Wamweracaudia keranjei, mkia wa Wamwera, kwa heshima ya wenyeji na ya Mohammadi Keranje aliyeshiriki uchimbaji wa Tendaguru. Watoto wa Kimwera wakilisikia hilo hawatasinzia.

Jina ninalobishana nalo ni Simbakubwa kutokaafrika, la mnyama wa Kenya aliyeishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Taya lake lilikaa miaka mingi katika makumbusho ya Nairobi hadi likaelezwa rasmi mwaka 2019. Kwa sarufi ya kawaida ni simba mkubwa, kwa kuwa simba ni mnyama. Mwenzangu mmoja hukataa. Husema ni hali ya ukubwa, kama vile "jisimba kubwa hilo", ambapo -kubwa haichukui m-. Hoja yake si mbaya, ingawa ile ji- siioni popote.

Waulize wanafunzi wako: simba mkubwa au simba kubwa? Waache wabishane kipindi kizima, kisha uwaambie kwamba mnyama mwenyewe alikuwa wa kundi jingine la wala nyama, lililotoweka lote, na simba hakuwa.