Flashi tunaikagua, habari je?

Kaka, umeuliza kama kujaziwa muvi kwenye flashi hapa Moshi mjini ni kosa. Anayezijaza bila ruhusa ya mwenye kazi anavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na wote tunajua, tunapanga foleni tu. Mimi kinanishangaza kingine. Muvi ikiwa na picha mbovu tunamrudia kijana atubadilishie, tena kwa ukali! Habari ya WhatsApp kwamba msanii fulani kafariki, hatuulizi imetoka wapi. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umeshasambazwa mara tano au zaidi. Tangu 2020 unautuma kwa mtu au kundi moja tu kwa mara moja. Shangazi yangu Kiboriloni anaichukulia mishale hiyo kama muhuri.