Jibu: Friji inamaliza uniti za LUKU, na king'ora cha gesi nikifunge wapi?

Mkuu uliyeuliza kutoka Raskazone, Tanga, nianze na gesi, maana hapo ni uhai. King'ora usikifunge darini kama cha moshi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Kiweke ukutani, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, mita 1 hadi 3 kutoka jiko, mbali na mvuke wa sufuria. Kikilia, funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, hata kwa kuzima taa.

Friji sasa. Kujua inakula kiasi gani, zima vingine vyote, tazama taa ya mita inavyowaka na kuzima. Mita ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa huwaka mara 1000 kwa uniti moja, kila ikiwaka mara moja ni wati-saa 1. Ikiwaka kila sekunde 36, unavuta wati 100. Ila kompresa, yaani mota ya friji, huwaka na kupumzika, hivyo dakika tano hazitoshi. Nunua mita ya plagi, ile inayochomekwa kati ya friji na soketi, upime friji saa 24 kamili. Kompresa isipopumzika, bana noti mlangoni: ikichomoka kirahisi, mpira wa mlango umechoka, badilisha.

Ukichomoa na kuzima kila kitu na taa ya mita bado inawaka na kuzima, ita fundi mwenye leseni haraka. Huenda umeme unavuja, na hewa ya chumvi hapo ufukweni hula viungio vya nyaya.